Salzburg kwa ajili ya piano: safari yangu siku kwa siku

Nimesharudi nyumbani, na wengi mmeniuliza ilikuwaje. Haya nimeyaunganisha kutoka kwenye daftari la masomo na picha za simu. Palipo na maelezo mengi ni pale nilipoandika sana usiku ule, na palipo kimya ni siku za mazoezi matupu.

Ilikuwa shule ya kiangazi ya piano mjini Salzburg, Austria, Agosti 2025. Walimu wachache, kila mmoja na kundi lake la wanafunzi. Somo la ana kwa ana karibu kila siku, darasa la wazi mchana, muziki jioni. Walimu wenyewe ni wapiga piano wanaopanda jukwaani mwaka mzima na kufundisha vyuoni. Majina yao siyaandiki, kwa sababu waliyosema waliyasema chumbani kwa wanafunzi wao.

Kabla ya kuondoka

Sisi wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda tunahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msisubiri hizo siku 15. Barua ya shule yenye tarehe za masomo na jina la mwalimu ndiyo iliyoninyooshea mambo, na niliiomba mara tu nilipokubaliwa.

Jambo la pili ni noti. Walimu wa aina hii wanataka toleo la Urtext, lile linalofuata maandishi ya mtunzi bila nyongeza za watu wa baadaye. Vitabu vya Henle na Bärenreiter utaviona juu ya kila piano, na bei yake inauma. Kwa Mozart kuna nafuu kubwa: wakfu wa Mozarteum umeweka mtandaoni toleo zima la Neue Mozart-Ausgabe, yaani toleo jipya la kazi zake zote, bure, tangu Desemba 2006. Nilichapisha Sonata ya A maina, K. 310 (hiyo ni namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), nikaibeba kwenye faili la plastiki pamoja na Impromptu ya Schubert ya G flati meja. Hivyo viwili ndivyo nilivyokwenda kufundishwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Usiku angani kupitia Addis Ababa, asubuhi Vienna. Treni za Salzburg zinapatikana palepale uwanja wa ndege, na ya moja kwa moja huchukua karibu saa tatu. Ukinunua tiketi mapema bei hushuka sana, ila inakufunga kwenye treni ileile uliyochagua. Kwa hiyo kama ndege yako ni ya kuunganisha, jiachie nafasi ya kutosha kati ya kutua na kupanda.

Tulipopita Linz mvua ya mawe ikaanza, kisha treni ikasimama katikati ya mashamba ya mahindi. Mti ulikuwa umeangukia reli. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye kikapu cha aprikoti. Kijerumani changu kilikuwa cha salamu tu, na Kiingereza chake kilikuwa kama Kijerumani changu. Nilikuwa napitia mkono wa kushoto wa Mozart juu ya goti langu, vidole vikicheza bila sauti. Bibi akavitazama, akainua mikono yake yenye mishipa, naye akaanza kupiga kitu juu ya kikapu. Akaimba kidogo. Ilikuwa minueti ya G meja, ile ya kitabu cha Anna Magdalena Bach ambayo kila mtoto wa piano huipitia. Nikaingia na besi. Tukaipiga yote hewani hadi mwisho, kisha akanijazia aprikoti kwenye mfuko wa karatasi. Salzburg tulipofika alimkamata kijana wa watu, akamwamuru ashushe begi langu. Sikupata hata jina lake.

Usafiri wa mjini: tangu Mei 2025 mgeni aliyesajiliwa kwenye nyumba ya kulala wageni katika jimbo la Salzburg anapewa tiketi ya kupanda mabasi na treni za jimbo zima bila kulipa nauli. Gharama yake imo ndani ya tozo ya malazi. Waulize wenyeji wako wakutumie hata kabla hujafika, maana inafanya kazi tangu siku ya kuwasili. Mimi nilikaa kwenye bweni la wanafunzi, ambalo wakati wa likizo hugeuzwa hosteli. Nililipa yuro 46 kwa usiku, chumba cha mtu mmoja, jiko la pamoja. Mwezi Agosti ni msimu wa Tamasha la Salzburg, lililoanza mwaka 1920, na hoteli za mji mkongwe hazishikiki.

Jumapili, 3 Agosti

Maduka yote yamefungwa; ndivyo Jumapili ya Austria ilivyo. Supermaketi ya stesheni kuu ndiyo iliyoniokoa: mikate, jibini, nyanya, mayai. Maji sikununua tena tangu siku hiyo. Ya bomba ni mazuri, baridi.

Nilitaka kupiga piano kidogo kabla ya kuanza Jumatatu, lakini vyumba vya mazoezi vilikuwa havijafunguliwa. Nikaingia kanisa la jirani baada ya misa na kumuuliza mzee aliyekuwa anakusanya vitabu vya nyimbo kama kuna piano popote. Alinipeleka kwenye ukumbi wa parokia, akafungua kifuniko cha piano ya kusimama, akaelekeza saa yake: saa nne hadi saa sita. Hakutaka pesa. Ukienda nchi zile elewa kwamba utulivu wa Jumapili, na wa usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, unaheshimiwa sana. Hata mwenye piano yake nyumbani hapigi ovyo.

Jioni tulikusanyika, tukapewa ratiba.

Jumatatu, 4 Agosti

Somo la kwanza, saa tatu asubuhi. Mwalimu wangu ni mama wa makamo ya juu, nywele nyeupe, viatu bapa, sauti ya chini. Chumba kina piano mbili kubwa ubavu kwa ubavu. Alinikaribisha, akaniuliza nimelala vizuri, akasema, “Nipigie.”

Nilipiga mwendo wa kwanza wa K. 310 wote, yaani sehemu ya kwanza ya sonata. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: “Mkono wa kushoto ulikuwa unasema nini?”

Anayeijua sonata hii anajua kwamba mkono wa kushoto unaanza na kordi zilezile zinazorudiwarudiwa, nane kwa kila kipimo, huku wimbo ukienda juu. Tangu nianze kuisoma nilizichukulia kama kazi ya kushikilia mwendo. Mama yule alinitaka nipige kushoto peke yake, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo, na kila kordi niisikie hadi inapoisha ndipo nije na inayofuata. Nilipokuwa nanyanyua vidole juu alivirudisha chini kwa kiganja chake. “Usitoke kwenye kitufe. Kinyanyuke nusu tu.”

Akanieleza sababu. Piano ya leo ina utaratibu uliosajiliwa na Sébastien Érard mwaka 1821, unaoiwezesha nyundo kugonga uzi tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa. Kwa hiyo unaweza kurudia kordi ukiwa karibu na kina cha kitufe, na sauti inakuwa moja ndefu inayopumua. Piano ya Mozart haikuwa na utaratibu huo. Vitufe vyake vilikuwa vyepesi mno na havishuki sana, kwa hiyo mrudio ulikuja kwa njia nyingine. “Wewe una chombo kizito,” alisema, “lazima sikio lako lifanye kazi ambayo mbao za Mozart zilikuwa zikimfanyia.”

Tulimaliza somo zima kwenye vipimo visivyozidi kumi. Nilitoka nikiwa na furaha ya ajabu.

Jumanne, 5 Agosti

Darasa la wazi. Mwanafunzi mmoja anapiga, mwalimu anamfundisha, wengine wote tunakaa na noti magotini tunasikiliza. Utaratibu huu unahusishwa sana na Franz Liszt. Kuanzia 1869 hadi alipofariki 1886 alikuwa akikaa sehemu ya kila mwaka Weimar, na wapiga piano vijana kutoka kila pembe walikusanyika nyumbani kwake mchana. Waliweka noti zao juu ya piano, naye akachagua cha kusikiliza. Hakutoza hata senti.

Aliyefundisha siku hiyo ni bwana mmoja mrefu, mcheshi, anayeimba kuliko anavyoongea. Kijana aliyepanda alipiga balladi ya kwanza ya Chopin kwa kasi iliyotuacha midomo wazi. Bwana yule akampongeza kwa moyo, kisha akamwomba apige kurasa mbili za mwanzo huku akiimba sauti ya juu. Kijana hakuweza. Pumzi ilimwishia katikati ya sentensi ya muziki. “Basi na piano nayo iliishiwa pumzi hapo,” bwana akasema. Waliirudia, polepole, kijana akivuta hewa mahali panapostahili, na kufikia mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa umesogea mbele kwenye viti.

Hapo nikaona kitu ambacho walimu wale, tofauti walivyo, wanakishikilia wote kwa pamoja: wanafundisha kusikia. Vidole wanavigusa baadaye, na mara nyingi vidole vinajirekebisha vyenyewe sikio likishajua linataka nini. Nimefundisha watoto piano kwa muda, na nimekuwa nikianza na vidole. Narudi kubadilisha hilo.

Mwisho wa darasa bwana alichora mstari ubaoni: Beethoven alimfundisha Czerny, Czerny alimfundisha Leschetizky, Leschetizky alimfundisha Artur Schnabel, Schnabel alimfundisha Leon Fleisher. Fleisher alikuwa mtoto wa Marekani wakati alipokwenda kusoma kwa Schnabel huko Tremezzo, kando ya Ziwa Como, kiangazi cha 1938. Watu watano tu toka Beethoven hadi mtu aliyefariki 2020. “Shule za kiangazi si likizo,” alisema. “Ndimo mambo haya yanamopitia.”

Ushauri wangu kwa atakayekwenda: usikose darasa la wazi hata moja ili ufanye mazoezi. Somo la mwenzako ni nusu ya ada yako. Ukiwa wewe ndiye unapiga, moyo unadunda na nusu ya maneno hayaingii. Ukikaa kwenye kiti unasikia yote.

Jumatano, 6 Agosti

“Umeshakwenda Makartplatz?” mwalimu aliniuliza kabla sijaketi. Nikasema bado. “Somo la leo liko huko. Nenda, kesho uje.”

Makartplatz namba 8 ndiko familia ya Mozart ilikohamia mwaka 1773, ng’ambo ya mto Salzach kutoka nyumba ya Getreidegasse 9 alikozaliwa Wolfgang tarehe 27 Januari 1756. Bomu la 1944 liliharibu sehemu kubwa ya jengo. Likajengwa upya na kufunguliwa 1996. Watalii wengi wanakimbilia Getreidegasse, huku Makartplatz kukiwa na nafasi ya kupumua. Ukitaka kuziona zote mbili nunua tiketi ya pamoja.

Nilisimama muda mrefu mbele ya piano yake, iliyotengenezwa na Anton Walter wa Vienna karibu mwaka 1782. Ni ndogo, nyembamba, oktava tano tu, vitufe 61. Rangi zimegeuzwa: vile virefu ni vyeusi, vifupi ni vyeupe. Chini hakuna pedali za miguu. Za kunyanyulia viziba sauti husukumwa kwa magoti. Huruhusiwi kugusa, na ni sawa. Kuiona tu kulinieleza ile kordi ya mkono wa kushoto. Chombo chepesi vile hakiwezi kupiga kelele nzito, kinaweza kutetemeka.

Lakini mwalimu hakunituma kwa ajili ya piano. K. 310 iliandikwa Paris mwaka 1778. Mozart alikuwa na miaka 22, amefuatana na mama yake, Anna Maria, kutafuta kazi, na kazi haikupatikana. Mama aliugua akafariki tarehe 3 Julai. Usiku uleule kijana aliandika barua mbili kwenda Salzburg. Ya kwanza kwa baba yake, ikisema mama ni mgonjwa sana. Ya pili kwa rafiki wa familia, kasisi Bullinger, ikisema ukweli kwamba mama ameshafariki, na kumwomba amwandae baba na dada kwa msiba. Tarehe 9 ndipo alipomwandikia baba waziwazi.

Baba na dada walikuwa wakiishi katika nyumba hiyo niliyokuwa nimesimama. Kwetu pia msiba hausemwi mlangoni; unatafuta mtu mzima wa kutangulia, anakaa na wafiwa, anazungusha maneno mpaka wenyewe wanaanza kuelewa. Nilikaa kwenye benchi na noti zangu nikasoma mwendo wa kwanza wote kimya. Hakuna ajuaye kwa hakika kama sonata iliandikwa kabla au baada ya kifo chenyewe, na mwalimu alikuwa mwangalifu kulisema hilo kesho yake. Hata hivyo kordi zile sikuweza tena kuzipiga kama kazi ya kushikilia mwendo.

Alhamisi, 7 Agosti

Somo zuri. Mwalimu hakuuliza nimeona nini. Alisikiliza, akasema “sasa tuzungumzie mkono wa kulia,” tukaendelea.

Chakula: mchana wengi wetu tulikula kantini ya karibu, supu na saladi. Kwenye vibanda utaona sana Bosna, soseji mbili ndani ya mkate na vitunguu na bizari. Kwa kawaida ni ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu waulize kwanza. Mimi niliponea kwenye duka dogo la vyakula nyuma ya stesheni, linalouza unga wa mahindi, mihogo na mafuta ya mawese. Mwenye duka ni mama kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aliposikia nikijisemea Kiswahili mbele ya rafu aliita kutoka ndani, “Karibu, mutoto yangu, unatoka wapi?” Alinipa kiti, chai ya tangawizi, na maelekezo ya daktari wa meno, benki na kanisa, ingawa sikuhitaji chochote kati ya hivyo. Nilinunua unga kilo moja kwa yuro tatu na senti kadhaa. Aliongeza bamia juu yake bila kupima.

Usiku tulikwenda Kapitelplatz, uwanja ulio chini ya ngome ya Hohensalzburg, ambako wakati wa Tamasha huwekwa skrini kubwa na kuonyesha opera na matamasha yaliyorekodiwa. Ni bure. Wahi saa moja kabla ili upate kiti, na beba koti la mvua, maana mvua ya Salzburg haina miadi na mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Jambo zito. Binti mmoja wa kundi letu alikuwa akifanya mazoezi karibu saa saba kwa siku, na asubuhi hiyo kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Alikuja darasani akiwa amekifunga kitambaa, akitaka kupiga. Mwalimu alifunga kifuniko cha piano mbele yake, taratibu, akamketisha. Kisha akatusimulia habari za Fleisher yuleyule wa ubaoni: mwaka 1964, akiwa kileleni, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe. Kwa miongo mingi alipiga kazi za mkono wa kushoto peke yake, akaongoza okestra, akafundisha. Alikuwa mwalimu mkubwa, lakini hakuchagua njia ile.

Binti alipumzishwa siku tatu, akapelekwa kwa tabibu, na masomo yake hayakusimama. Alikaa karibu na mwalimu na kusoma noti kwa macho, akieleza kila sauti anavyotaka isikike. Sisi wengine tulipewa amri: dakika 45, kisha unatoka nje, unatembea, ndipo unarudi. Maumivu yakianza unaacha, hata kama tamasha ni kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Fundi wa kutyuni alikuja mapema kabla ya mazoezi, na aliniruhusu nikae kando. Piano ya kawaida ina vitufe 88 na nyuzi karibu 230, kwa sababu sauti za kati na za juu zina nyuzi tatutatu kila moja. Mvuto wa nyuzi zote kwa pamoja ni tani zinazokaribia ishirini, zikibebwa na fremu ya chuma. Alizichomeka kabari za mpira katikati ya nyuzi ili asikie mmoja mmoja, akageuza vigingi kwa kiasi ambacho macho hayaoni. Kwenye ukumbi kulikuwa na Bösendorfer Imperial, kazi ya kampuni ya Vienna iliyoanzishwa 1828. Ina vitufe 97, na vile vya ziada upande wa besi vimepakwa rangi nyeusi vyote ili mpigaji asipotee. Fundi alinibonyezea cha chini kabisa. Sauti ile niliisikia kwenye mbao za sakafu.

Aliponiuliza piano za nyumbani zinaishije, nilimweleza joto na unyevu wa pwani. Alisema mabadiliko ndiyo yanayoua. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60 usiopandapanda na kushuka. Isogezwe mbali na dirisha na ukuta wa jua, na ityuniwe hata kama haipigwi.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna masomo. Nikapanda basi namba 150 hadi St. Gilgen, kijiji kando ya ziwa Wolfgangsee, chini kidogo ya saa moja. Tiketi ya mgeni inalipia. Keti upande wa kushoto. Anna Maria, yule mama wa Paris, alizaliwa hapa mwaka 1720, ndani ya nyumba ya serikali ambako baba yake alikuwa mtumishi. Binti yake Nannerl aliolewa 1784 na msimamizi wa eneo, akaja kuishi ndani ya nyumba hiyohiyo aliyozaliwa mama yake. Nannerl alikuwa mpiga piano hodari aliyezunguka Ulaya na mdogo wake wakiwa watoto. Kisha akafundisha, akazaa, akalea. Makumbusho yake ni madogo na yametulia. Nimefurahi kuona yanamzungumzia zaidi yeye na mama.

Nilikula samaki wa ziwani kwa yuro 19. Ghali, lakini alikuwa mzima, wa kukaangwa, na sikubakiza kitu.

Jumatatu hadi Jumatano, 11–13 Agosti

Mazoezi, mvua, mazoezi. Kitu kimoja cha kuandika ni Schubert. Impromptu yangu iliandikwa 1827, mwaka mmoja kabla mtunzi hajafariki, na haikuchapishwa hadi 1857. Mchapishaji aliihamisha kutoka G flati meja kwenda G meja, akiona flati sita zitawatisha wanunuzi. Mwalimu alinipigia mistari ya mwanzo kwa G, kisha kwa G flati. Kwa G ni wimbo mzuri. Kwa G flati vidole vinakaa juu ya vitufe vyeusi, mkono unanyooka, na sauti inalainika kabla hata hujafikiria. Alinifanya nirudie mara kadhaa, macho yamefumbwa, nieleze tofauti kwa maneno yangu mwenyewe. Nilizungumza Kiswahili. Alisikiliza kama anaelewa, akatikisa kichwa kukubali.

Alhamisi, 14 Agosti

Tamasha la wanafunzi. Binti wa kifundo alipiga kipande kimoja cha Schumann, kifupi, polepole, akashangiliwa kuliko sote na alistahili. Mimi nilipiga mwendo wa kwanza wa K. 310. Mama wa Bukavu alikuja na mwanawe, wamevaa vitenge, wakakaa mstari wa mbele. Baadaye alinikumbatia akasema, “Ile ya mkono ya kushoto, niliisikia.” Hakuwa ameambiwa na mtu.

Ijumaa na Jumamosi, 15–16 Agosti

Tarehe 15 ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, maduka yamefungwa tena. Nunua chakula cha njiani siku ya 14. Jumamosi treni ilikwenda bila tatizo.

Kwa wanaotaka kuomba: shule nyingi za namna hii hutaka video ya hivi karibuni, vipande viwili vya mitindo tofauti, na zinakuachia uchague mwalimu. Msikilizeni mwalimu huyo akifundisha, maana madarasa mengi ya wazi yamewekwa kwenye intaneti, na msimchague kwa umaarufu wa jukwaani peke yake. Ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: masomo ya ana kwa ana ni mangapi, saa za chumba cha mazoezi ni ngapi kwa siku, na kama kuna punguzo au ufadhili. La mwisho hilo halitangazwi kila mara, lakini niliandika barua pepe nikaeleza hali yangu, na walipunguza sehemu nzuri ya ada. Pia kuna nafasi za wasikilizaji, wasiopiga, kwa bei ya chini sana. Kwa mwalimu wa piano ambaye hana muda wa kuandaa vipande, hiyo inatosha kabisa. Mwenye swali kuhusu viza au noti aniandikie, nitamjibu kila mmoja.